Jinsi ya Kununua Nyumba ya Vyumba vya Kupangisha Dar es Salaam kwa Mtaji Mdogo

Nyumba inayomlipa mwenyewe kwa miaka ishirini hapa Dar es Salaam mara nyingi haivutii macho. Ni nyumba ya vyumba sita au vinane huko Mbagala, Buza, Tandika au Gongo la Mboto, bati limepauka, uani kuna karo la kufulia na tangi la maji, na kila mlango wa chumba una pazia lake. Wengi wenye akiba huipita nyumba hiyo wakaenda kutazama jumba jipya lenye vigae na geti la chuma, halafu wakakaa nalo miezi minane bila mpangaji.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye akiba ya kati ya shilingi milioni 25 na 60, asiye na haraka ya kuuza tena, anayetaka kodi imsaidie ada za watoto leo na matumizi ya uzeeni kesho. Sheria nitakazotaja ni za Tanzania Bara; Zanzibar ina utaratibu wake wa ardhi.

Kabla ya hatua yoyote, fahamu unachonunua. Unanunua kodi inayoingia sasa, na unanunua karatasi itakayosimama mbele ya baraza la ardhi siku mtu mwingine akidai nyumba ni yake. Rangi, dari na vigae utavitengeneza mwenyewe ukipenda. Kodi ndogo na karatasi mbovu havitengenezwi kwa rangi.

Hatua ya 1: Chagua aina ya nyumba

Kwa mtaji huu, chaguo langu ni nyumba ya Kiswahili iliyokamilika na yenye wapangaji ndani: korido katikati, vyumba vitatu au vinne kila upande, choo, bafu na jiko vipo uani. Mpangaji mmoja akihama, wengine saba wanaendelea kulipa. Ukinunua nyumba nzima inayopangishwa familia moja, siku wakiondoka mapato yako ni sifuri.

Udhaifu wa nyumba ya Kiswahili nao uwekwe wazi. Choo ni cha kuchangia, umeme na maji huleta ugomvi, na wapangaji wa chumba kimoja huhama mara kwa mara. Vyumba vyenye choo ndani, au chumba na sebule, hutoza zaidi na watu hukaa muda mrefu, ila bei ya kununua nayo hupanda. Ukipata nyumba ya Kiswahili yenye nafasi uani ya kuongeza vyumba viwili vya namna hiyo, au yenye upande wa barabarani unaoweza kutoboa fremu ya duka, hiyo ndiyo ya kuifukuzia.

Pagale nakushauri uliache. Linauzwa kwa bei ya kushawishi, lakini kulimalizia hula pesa ambazo hukuzipangia, na muda wote huo haliingizi hata shilingi. Apatimenti zinazouzwa moja moja, jambo linaloruhusiwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, ziko juu ya mtaji tunaouzungumzia.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla hujaiona nyumba

Muulize muuzaji vyumba vingapi, kila kimoja kinalipa kiasi gani, na vipi vimekaa wazi. Kisha kaa na karatasi.

Chukua mfano. Nyumba ina vyumba vinane, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni 400,000 kwa mwezi, au 4,800,000 kwa mwaka. Muuzaji anataka milioni 60. Atakuambia unapata asilimia 8 kwa mwaka, na kwa hesabu yake ni kweli. Sasa toa yale asiyoyataja. Vyumba havijai mwaka mzima, kwa hiyo toa mwezi mmoja wa kila chumba: 400,000. Weka sehemu ya kumi ya kodi kwa matengenezo: 480,000. Kunyonya shimo la choo na dharura ndogondogo, tuseme 200,000. Kodi ya majengo 18,000. Kinachobaki ni 3,702,000, na kwa milioni 60 hiyo ni asilimia 6 na kidogo.

Linganisha na mahali pengine ambako pesa hiyo ingelala. Hati fungani za serikali za miaka 20 na 25, yaani serikali inakukopa na kukulipa riba, huuzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania; kati ya 2022 na 2024 zilitolewa kwa riba ya kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka, na mtu wa kawaida anaweza kuanza na milioni moja. Hazina choo cha kunyonya wala mpangaji wa kufuatilia. Nyumba inazishinda kwa njia moja: kodi hupanda na ardhi hupanda, wakati milioni yako ya hati fungani itarudi ikiwa milioni ile ile, thamani yake ikiwa imeliwa na kupanda kwa bei. Lakini faida hiyo ya baadaye usiilipie yote leo.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: bei ya nyumba pamoja na gharama zote za kuhamisha umiliki isizidi kodi ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, ya miaka tisa. Kwa mfano wetu ni 43,200,000. Muuzaji wa milioni 60 aliyekataa kushuka chini ya 55 muage kwa heshima. Dar es Salaam ina nyumba nyingi, na mwenye pesa taslimu anayeweza kusubiri huwa ana nguvu kuliko anavyodhani.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali la mkopo. Mikopo ya nyumba ya benki zetu kwa shilingi imekuwa ikitozwa riba ya karibu asilimia 13 hadi 19. Hata nyumba uliyoipata kwa kipimo hicho, inayokupa asilimia 8 au 9, haiwezi kulipa deni la asilimia 17; utakuwa unailisha kwa mshahara wako. Kama akiba haitoshi, nunua ndogo zaidi au subiri. Wapo ndugu wanaonunua kwa pamoja, na hilo linawezekana iwapo majina yote yataandikwa kwenye hati pamoja na mgao wa kila mmoja. Ndugu kuelewana kwa mdomo tu kumezaa kesi nyingi.

Hatua ya 3: Chagua mtaa kwa macho ya mpangaji

Anayepanga chumba cha 50,000 ni kijana wa kiwandani, dereva wa bodaboda, mama lishe, mwalimu wa ajira mpya, muuguzi, mwanafunzi wa chuo. Anachotafuta ni kufika kazini kwa nauli moja, maji yasiyomtesa, na njia ya kurudi usiku bila woga. Chumba kinachohitaji daladala mbili na bodaboda juu yake kitakaa wazi hata kiwe kizuri namna gani.

Tazama basi kazi ziko wapi: viwanda vya Barabara ya Nyerere na Chang'ombe, soko la Kariakoo, bandari, hospitali ya Temeke, Muhimbili na Mloganzila. Vyuo navyo hujaza vyumba, kama Msewe na Changanyikeni zilizo jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Kigamboni karibu na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mtaa unaotegemea wanafunzi peke yao uongezee hesabu ya miezi mitupu, maana chuo kikifungwa wanarudi makwao.

Usiulipie mradi ambao haujafika. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kwa miaka mingi kabla ya hapo wauzaji wa Pugu walikuwa wakiitaja kila walipopanga bei. Barabara za mwendokasi ni hivyo hivyo. Kituo kilichopo na chenye magari kilipie. Cha kuahidiwa kihesabu kama sadaka: kikija umshukuru Mungu, kisipokuja hujapoteza.

Kuhusu maji ya mvua sina utani. Nenda ukaione nyumba wakati wa masika, mwezi Machi hadi Mei, siku mvua imenyesha kweli. Kama umekuja kiangazi, angalia kuta za majirani: maji yaliyoingia ndani huacha mstari ambao rangi mpya hufunika kwa nyumba inayouzwa peke yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika bonde la Msimbazi, na baadaye serikali ikawahamishia wakazi wengi wa Jangwani na maeneo ya jirani huko Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo nyumba iliyo karibu na mto au mkondo usiiguse, hata ikiwa na karatasi.

Vivyo hivyo hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na baadhi yake zilikuwa majumba ya maana. Kwa barabara kuu uliza TANROADS, kwa barabara za mitaa uliza TARURA, na kama kuna reli au nguzo kubwa za umeme karibu, uliza wenye mamlaka hayo umbali unaotakiwa. Alama ya X ukutani, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, huwa inapakwa rangi kabla ya mauzo. Wapangaji na majirani wanaikumbuka.

Hatua ya 4: Dalali

Dalali mzuri anajua nani anauza kwa sababu ya shida na nani anajaribu bei tu. Mtumie. Mkubaliane malipo yake mapema na yalipwe mauzo yakikamilika. Hela ndogo ya kuonyeshwa nyumba ni desturi ya mjini, ila asiwe yeye wa kupokea pesa ya nyumba, wala asikuzuie kukutana na mwenye mali uso kwa uso. Akisema mwenye nyumba yuko safarini na ameachiwa kila kitu yeye, ondoka.

Hatua ya 5: Kagua nyumba

Nenda na fundi ambaye hana uhusiano na dalali, umlipe siku yake. Apande darini aangalie mbao za paa kama zimeliwa na mchwa, maana kubadilisha paa zima kunaweza kumeza kodi ya mwaka na zaidi. Aangalie chini ya kuta: mji huu wa pwani una chumvi, na ukuta unaomomonyoka unga kuanzia chini unataka kazi kuliko plasta mpya. Nyufa za kulala kwenye plasta ni jambo dogo. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata matofali kutoka kwenye msingi ni habari nyingine.

Choo ndicho kinachoamua kama wapangaji watakaa. Fungua mfuniko wa shimo uone limejengewa vipi na limejaa kiasi gani, kisha pima njia: je, gari la majitaka linaweza kufika, au mpira wake ukafika? Mtaa usiofikika na gari, shimo likijaa ni aibu na ugonjwa kwa nyumba nzima.

Upande wa maji, uliza kama kuna mita ya DAWASA, jina gani limeandikwa kwenye bili, na deni ni kiasi gani. Kisima cha maji ya chumvi kinasaidia kufulia tu. Kwa umeme, hesabu mita za LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na kwa ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Nyumba moja yenye mita tatu inaweza kukatwa mara tatu kama mwenyewe hajaenda kurekebisha. Sheria inamtoza mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia. Uamuzi wa haki ni kumpunguzia mpangaji kiasi hicho kwenye kodi.

Hatua ya 6: Chimba karatasi

Hapa tumia muda kuliko hatua nyingine zote.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mtu anapewa haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, haki hiyo huja kwa sura mbalimbali, na kwa nyumba za bei hii utakutana na karatasi za aina nne.

Ya kwanza ni hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99. Angalia miaka iliyobaki na matumizi yaliyoandikwa. Omba nakala, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, ufanye uchunguzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu ameweka zuio. Nakala aliyokuonyesha muuzaji, hata ing'ae vipi, haichukui nafasi ya uchunguzi huo.

Ya pili ni ofa, barua ya zamani ya kumilikishwa kiwanja. Wengine hawakuifuatilia mpaka hati ikatoka, na viwanja vingine vilitolewa ofa mara mbili kwa watu wawili. Usinunue juu ya ofa mpaka ofisi ya ardhi ithibitishe kuwa jalada lipo na jina ni hilo hilo.

Ya tatu ni leseni ya makazi, inayotolewa na halmashauri katika maeneo yasiyopimwa. Inakuwa ya muda usiozidi miaka mitano na inahuishwa. Ithibitishe kwenye rejista ya manispaa yenyewe.

Ya nne, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi, ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa, bila hati wala leseni. Ni karatasi dhaifu. Hata hivyo nyumba nyingi za mji huu zimeuzwa na kununuliwa hivyo, na kukwambia uzikimbie zote ni kukufungia mlango. Kuna namna ya kupunguza hatari. Dai mnyororo mzima wa mikataba, kutoka mwenye shamba wa kwanza hadi huyu anayeuza, tena mikataba halisi, maana nakala inaweza kumaanisha kwamba mkataba halisi umewekwa dhamana kwa mkopeshaji. Watafute majirani wa pande nne na uwasikilize mmoja mmoja. Nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa ukaulize eneo limepangiwa nini. Mtu anaweza kuwa mmiliki halali wa mahali palipochorwa shule. Uliza pia kama urasimishaji, yaani zoezi la kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango, umepita, kwa sababu nyumba iliyopimwa na kupewa namba ya kiwanja inakaribia hati, na gharama iliyobaki unaweza kuiombea punguzo kwenye bei.

Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe ni mashahidi muhimu, wanajua ugomvi ambao haujafika mahakamani. Lakini muhuri wao si hati. Na wakikuomba asilimia 10 ya bei kama haki ya ofisi, waombe kwa upole wakuonyeshe sheria inayosema hivyo. Malipo ya serikali huja na namba ya malipo na risiti.

Kisha watu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenzi asaini mbele ya wakili, kwa mkono wake, akiwa na kitambulisho. Kama mume ana wake wawili, uliza nyumba hii ni ya nani kati yao. Kama muuzaji anasema hana mke, aape kiapo cha maandishi, na bado uwaulize majirani.

Nyumba za urithi ndizo zenye mitego mikubwa, hasa Temeke, Ilala, Magomeni na Kariakoo, ambako babu alijenga na wajukuu sasa ni thelathini. Mkubwa wa familia hana mamlaka ya kuuza kwa sababu ya ukubwa wake. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa Mahakama ya Mwanzo atakuonyesha Fomu Namba IV. Nenda na namba ya shauri hadi kwenye mahakama iliyoitoa, uthibitishe kwamba uteuzi haujatenguliwa. Baada ya hapo taka saini za warithi wote wazima pamoja na muhtasari wa kikao cha familia. Mrithi mmoja akikataa, subiri wamalizane.

Jambo la uraia nalo ni la hapa. Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama raia anavyomiliki. Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis ambao wamechukua uraia wa huko wamwone wakili kabla ya kutuma pesa. Na ambaye bado ni raia, ila yuko mbali, asinunue kwa jina la kaka au shangazi kwa kuaminiana. Atengeneze hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, mkataba uandikwe kwa jina lake mwenyewe, na pesa ziende moja kwa moja kwa muuzaji.

Hatua ya 7: Wapangaji waliomo ndani

Hili wanunuzi wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa. Hapa mjini mwenye nyumba huchukua kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Muuzaji mwenye shida ya pesa amekwisha kuchukua kodi ya mwaka mzima kwa kila chumba mwezi uliopita, ndipo akaja kukuuzia. Wewe unakuwa mmiliki wa nyumba iliyojaa watu ambao hawadaiwi kitu hadi mwakani, na mkataba wao unaendelea kuwa halali kwako.

Gonga kila mlango, pamoja na muuzaji. Msalimie mpangaji kwa adabu, mwambie unatarajia kununua na kwamba hutamfukuza, umwombe akuonyeshe risiti au mkataba. Andika daftarini: chumba namba fulani, jina, kodi, amelipa hadi tarehe ngapi, analalamikia nini. Wapangaji wanasema ukweli ambao hautaupata kwingine, kama choo kufurika kila masika, au mtu mwingine kuja kudai kodi mwaka jana.

Ukimaliza, jumlisha kodi iliyolipwa mbele kuvuka siku ya mauzo, na uiondoe kwenye bei. Kama vyumba vinane vyote vimelipiwa miezi kumi mbele kwa 50,000, hiyo ni milioni nne iliyoko mfukoni mwa muuzaji ambayo ingekuwa yako. Orodha ya wapangaji iwe kiambatisho cha mkataba, isainiwe na muuzaji.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Mkataba wa mauzo ya ardhi ni lazima uwe wa maandishi. Tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili wa muuzaji anamtetea muuzaji. Ndani ya mkataba ziwemo bei, namba ya kiwanja au mipaka yenye vipimo, picha na namba za vitambulisho vya NIDA, ridhaa ya mwenzi, orodha ya wapangaji, madeni ya maji na kodi ya ardhi na nani atayalipa, na sharti la kurudishiwa pesa ikidhihirika kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kuuza.

Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la mwenye nyumba, si kwa noti ndani ya mfuko. Lipa kwa awamu: sehemu ya kwanza mkisaini, kubwa zaidi nyaraka zote halisi zikiwa mikononi mwa wakili, na ya mwisho umiliki ukihama. Muuzaji anayekubana ulipe yote leo kwa sababu kuna mnunuzi mwingine jioni, mpe nafasi amuuzie huyo wa jioni.

Hatua ya 9: Kuhamisha umiliki

Kwa nyumba yenye hati, wakili atajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, mthamini atatoa ripoti ya thamani, na TRA itakadiria kodi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya thamani kama hana kumbukumbu za alichotumia. Bila hati ya TRA ya kuthibitisha malipo, uhamisho hausogei, kwa hiyo kata kiasi hicho kwenye malipo ya mwisho na ukilipe mwenyewe kwa jina lake. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, hulipwa na mnunuzi, pamoja na ada za usajili. Zote hizi zilitakiwa ziwe ndani ya ile hesabu ya miaka tisa.

Kwa nyumba isiyo na hati, siku hiyo hiyo ya kusaini peleka taarifa manispaa na serikali ya mtaa, badilisha jina kwenye rejista ya kodi ya majengo na kwenye bili ya maji, na anza safari ya kuomba hati. Usiiahirishe.

Hatua ya 10: Mwaka wa kwanza

Usipandishe kodi. Wapangaji waliopo ni mali, na mwenye nyumba mpya anayeingia na bei mpya huishia na vyumba vitupu vinne. Anza na choo, kisha maji, kisha taa ya uani na kufuli la geti. Baada ya hapo, chumba kinapokuwa wazi, kipake rangi na mpangaji mpya aingie kwa kodi ya soko.

Kila mmoja apewe mkataba wa ukurasa mmoja: kodi, tarehe, mgao wa umeme na maji, zamu ya usafi, notisi ya kuhama. Ningependelea kuchukua miezi mitatu mitatu kuliko mwaka. Kijana anayelipwa kwa mwezi hana 600,000 mkononi, na vyumba vinavyokubali miezi mitatu hujaa haraka. Pokea kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na mpangaji apate risiti.

Anayechelewa kulipa zungumza naye mapema, kabla deni halijawa kubwa. Kuezua bati, kung'oa mlango au kutupa vyombo vya mtu nje ni kujitafutia kesi. Njia ni notisi ya maandishi, na ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji akiwa kampuni au mfanyabiashara, mfano kwenye fremu ya duka, atakukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA; mdai cheti cha makato hayo. Mapato ya wapangaji wengine yatangaze mwenyewe kwenye ritani, yaani tamko lako la mapato la mwaka kwa TRA.

Fungua akaunti ya peke yake kwa ajili ya nyumba. Ile sehemu ya kumi ya matengenezo iingie humo kila kodi inapopokelewa, kabla hujaigusa kwa jambo lingine. Kitakachobaki humo baada ya matengenezo, ukiongezea sehemu ya faida yako, kitasaidia kujenga vile vyumba viwili vya uani vyenye choo ndani, na fundi umpe kazi hiyo baada ya masika, mwezi Juni.